Rezini ya UV kwenye nzi bandia: kabla hujalaumu chupa, angalia tochi

MshipiMwepesi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Haupiti muda mrefu bila mtu kuingia humu na picha ya nzi wake bandia, yaani chambo cha manyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoana, akilalamika kwamba rezini ya UV (gundi inayoganda ikimulikwa kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno) inanata, imepasuka, au imebaki maji kwa ndani. Anashauriwa abadilishe chupa, anabadilisha, tatizo linabaki palepale. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kuelekezana. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia: lawama nyingi tunazoitupia rezini ni za tochi na za unene wa tabaka. Chupa iwe ya mwisho kushukiwa.

Kwa wageni kidogo. Zamani kichwa cha nzi kilipakwa vanishi, na mwili uliotakiwa kuwa mgumu wenye kung'aa ulipakwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Bob Popovics wa Marekani alijipatia jina tangu miaka ya 1970 kwa Surf Candy, kisamaki bandia chenye mwili wa epoksi. Kazi ile ilidai subira: unachanganya, unapaka, kisha nzi anazungushwa kwenye gurudumu la mota mpaka gundi ishike, la sivyo yote inateremkia upande mmoja. Rezini ya mwanga imetuondolea gurudumu. Inabaki majimaji muda wote unaotaka, ukiimulika inaiva kwa sekunde. Na wala si wafungaji nzi walioibuni. Solarez, mojawapo ya rezini hizi, ilianzia kwa watu wa kuziba nyufa za mbao za kutelezea kwenye mawimbi, na madaktari wa meno walikuwa wakigandisha vijazo vya meno kwa mwanga tangu miaka hiyohiyo ya 1970, kwanza kwa UV, baadaye kwa mwanga wa bluu.

Ndani ya chupa kuna molekuli fupi za jamii ya akrileti, na humo imo kemikali kidogo ya kuanzisha ambayo kazi yake ni kusubiri mwanga. Ukiimulika inavunjika na kutoa radikali huru. Radikali inashika molekuli moja, hiyo inashika nyingine, mnyororo unarefuka mpaka majimaji yanageuka plastiki. Hapa hakuna kukauka. Hakuna kinachopaa hewani kama kwenye vanishi, kwa hiyo kuipulizia, au kumwacha nzi kabatini usiku kucha ukitegemea kesho itakuwa imeshika, ni kujichosha bure.

Sasa huko kunata. Oksijeni ya hewani inazidaka zile radikali kabla hazijafunga mnyororo. Ndani ya tone oksijeni ni kidogo na inaisha upesi, lakini usoni inaingia mpya kila wakati, ndiyo maana unabaki utando usioiva hata kama chini yake pameshakuwa pagumu. Na ndiyo maana tabaka jembamba kupita kiasi linanata kuliko lililoshiba: lote ni uso. Tochi yenye nguvu inashinda mbio hizo kwa sababu inazalisha radikali haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuzimaliza. Tochi dhaifu hata ukiishika dakika nzima, uso utanata.

Kuhusu tochi yenyewe. Kila rezini ina kemikali yake ya kuanzisha, na kila kemikali ina mwanga inaoupokea vizuri. Nyingi tunazotumia zinaitika kati ya nanomita 365 na 405, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga kinachoandikwa kwenye tochi. Zile za mwanga wa bluu, mfano Tuffleye, zina tochi zake zenyewe, na kuzichanganya na tochi za UV ni kutafuta lawama. Soma maandishi ya chupa, soma ya tochi, yalingane. Usipime kwa jicho. Tochi ya 405 inaonekana zambarau kali na inatia moyo, ya 365 iliyo safi inaonekana hafifu kama imekufa, kumbe ndiyo inayofanya kazi. Mwangaza unaouona si kipimo cha mwanga unaoivisha.

Halafu umbali. Tochi ya kawaida isiyo na lenzi ya kukusanya mwanga, ukiirudisha nyuma mara mbili, mwanga unaofika kwenye nzi unashuka hadi kama robo. Watu wanamulika kutoka kimo cha kiwiko halafu wanashangaa. Sogeza karibu. Na betri ikianza kuchoka tochi bado inawaka, ila rezini inakwambia ukweli.

Kipimo changu ni hiki: chukua kipande cha karatasi ya foili, weka tone lenye unene uleule unaoupaka kwenye nzi, limulike kama ulivyozoea, kisha libandue uligeuze. Kwaruza tumbo la tone kwa ukucha. Likiwa gumu na kavu, mwanga umefika hadi chini. Likiwa na utelezi, au ukucha ukizama, umepaka nene mno kwa tochi hiyo. Uso wa juu haukuambii chochote kuhusu chini.

Karibuni.

NdoanaNamba16

Mkuu nimekuelewa, ila mimi nina kesi tofauti. Nimefanya hicho kipimo cha foili muda huu, tone limeiva mpaka chini. Lakini vichwa vya nzi wangu weusi nikivibana kwa ukucha vinatoa majimaji yenye harufu. Uzi ni mweusi, na chini yake kuna manyoya ya kusokota.

MshipiMwepesi

@NdoanaNamba16 jibu umelitaja mwenyewe. Nyeusi inameza mwanga, na mwanga haupindi kona. Rezini nyembamba inanyonywa na uzi, inashuka hadi kwenye yale manyoya, huko chini ni giza totoro. Ya juu inaiva, inakuwa kifuniko, ya chini inabaki mbichi humohumo. Shina la ndoana, waya wa risasi, shanga, vyote vinatupa kivuli chake.

Mimi hapo naziba kwanza. Tone dogo kabisa la supaglu linapita kwenye uzi, naliacha likauke, ndipo rezini inakaa juu bila kuzama. Au tumia rezini nzito, haipenyi kirahisi. Wengine wanafunga kichwa kwa uzi mweupe kisha wanapaka rangi juujuu kwa kalamu ya wino, nayo ni njia nzuri. Na mzungushe nzi wakati unamulika. Juu, chini, kushoto, kulia, hata mbele kwenye tundu la ndoana.

Mzee wa Vanishi

Vijana mmezidi. Nzi wa kuelea anahitaji rezini ya nini? Nimeona humu picha za nzi wadogo wa ndoana namba 18 wana vichwa kama rungu. Mnapoteza muda kufunga nyoya la tausi kwa ustadi, mwishoni mnalitumbukiza kwenye plastiki.

Rezini ikishaiva ni nzito kidogo kuliko maji. Weka nyingi kwenye nzi wa kuelea, anaanza kuinamisha pua. Vanishi nyembamba mara mbili tatu, kila moja ikiachwa ikauke, inaingia kwenye uzi na haiongezi kitu. Na niwaambie, kinachoshika nzi ni fundo la kumalizia. Fundo likifungwa vizuri, gundi ni bima tu. Wengi wenu mmeanza kuitegemea bima.

MshipiMwepesi

Shikamoo mzee. Kwa nzi wa kuelea sina ubishi, hata mimi natumia vanishi, na hilo la fundo naliunga mkono kwa mikono miwili. Rezini ina mahali pake: pale unapotaka umbo, ugumu au mng'ao wa kioo. Mgongo wa kamba wa majini wa bandia, kichwa cha kisamaki chenye macho ya kubandika, mgongo wa tunutu anayetambaa chini ya mawe. Copper John, nzi wa kuzama wa John Barr, ilikuwa na tone la epoksi mgongoni tangu miaka ya 1990; leo wengi wanaweka rezini ya UV palepale na nzi hajapoteza kitu. Mahali pengine popote ni pambo.

Kokoto

Mzee ana hoja, ila naomba niwatetee perdigon. Hawa ni nzi wa kuzama waliotoka Hispania, kwa wavuvi wa mashindano, na bila rezini hawapo. Mkia ni nyuzi chache za nyoya la jogoo wa León, mwili ni uzi au utepe unaong'aa uliofungwa ukinenepa taratibu kuelekea kwenye shanga ya tungsteni, kisha mwili wote unavikwa rezini na doa jeusi linawekwa mgongoni.

Nasikia watu wakisema anazama haraka kwa sababu ya uzito wa rezini. Si kweli. Rezini iliyoiva ina uzito kama gramu 1.1 hadi 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, maji ni 1. Shaba nyeupe ni kama 8.5, risasi 11.3, tungsteni 19.3. Kwa hesabu hiyo rezini haichangii lolote la maana. Inachofanya ni kulainisha. Mwili wa manyoya una vinyweleo vinavyoyashika maji, mwili wa perdigon maji yanateleza. Ukipaka nene unajiharibia, maana umekuza mwili bila kuongeza uzito unaostahili ukubwa huo, na juu yake umeziba nafasi kati ya shina na ncha ya ndoana. Samaki anagusa, hashikwi.

Upakaji wangu: rezini nyembamba, tone moja mgongoni karibu na shanga, nalivuta kwa ncha ya sindano kuelekea mkiani huku jiliwa (kibanio kinachoshika ndoana) linazunguka polepole. Nasimama kabla ya mkia wenyewe. Ikishagusa zile nyuzi inapanda, zinagandana, na mkia wa perdigon uliogandana ni kijiti. Naacha izunguke kidogo ijisawazishe yenyewe, kisha namulika. Doa jeusi naliweka mwisho kabisa kwa rangi nyeusi ya kucha, kwa sababu zilezile alizosema mwanzisha uzi: ukiliweka chini ya rezini nene linakuwa paa la kivuli.

Jiliwa la Kuzunguka

Nauliza kwa vichwa vya visamaki vikubwa. Nikiweka tone la ukubwa ninaoutaka, linapata moto kabisa, mara nyingine linatoa moshi kidogo na ndani linakuwa na mapovu na nyufa. Tochi ni kali ya 365. Je nipunguze nguvu?

MshipiMwepesi

Punguza tone, tochi iache. Kuiva kwake kunatoa joto, na tone kubwa likiiva lote kwa mpigo joto halina pa kwenda. Pia akrileti zinasinyaa zinapoiva, asilimia kadhaa za ujazo. Tone dogo linasinyaa bila kuonekana; tone kubwa uso unashika kwanza, tumbo linavuta ndani, unapata ufa au bonde. Kama kuna sponji chini, joto hilo linaweza kuikunja.

Kichwa cha kisamaki mimi nakijenga hivi. Kwanza nahakikisha kuna uzi chini, rezini haipendi chuma kitupu, kwa hiyo shina lote linalopakwa liwe limevikwa uzi. Naweka tone dogo la rezini nzito kila upande, nabandika macho, namulika kidogo tu ili yashike. Hapo naangalia kutoka mbele: macho yote yako kimo kimoja? Kama bado, yanabanduka kwa urahisi kuliko baada ya kuvikwa. Kisha najaza bonde kati ya macho, juu, namulika. Nageuza nzi, tumbo juu, najaza chini ya taya, namulika. Kugeuza ni muhimu kwa sababu rezini inafuata mvuto. Ukimwacha nzi amekaa kawaida, ya mgongoni inateremka na kukutana chini ya koo, unapata samaki mwenye tezi.

Kati ya tabaka na tabaka usifute ule unataji. Utando mbichi wa tabaka la kwanza ndio unaoungana na la pili. Kufuta ni mwisho kabisa, kitambaa chenye spiriti kali, alkoholi ya isopropili ikiwepo ndiyo bora, na hapo uso unakuwa mkavu. Ukifuta na mng'ao ukapungua, pitisha tabaka jembamba la zile rezini zilizotengenezwa zisinate, Solarez Bone Dry ni mojawapo. Kuna ujanja mwingine wa kumtumbukiza nzi kwenye bilauri ya maji safi na kummulika akiwa ndani, maji yanamzuilia oksijeni. Unafanya kazi, ila kwa kisamaki chenye manyoya marefu naona ni kumlowesha bila sababu.

Mapovu: usitikise chupa. Rezini nzito ikiwa baridi inashika hewa, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, isimame wima, hewa itapanda. Povu likibaki kwenye nzi, lichome kwa sindano kabla ya kuwasha tochi. Na kabla ya kuwasha tochi vilevile, pitisha shina la nyoya kwenye tundu la ndoana. Tundu lililoziba kwa rezini iliyoiva utalilia ukiwa umeshafika majini.

Jiliwa la Kuzunguka

Asante mkuu. Na ngumu au ya kunyumbulika?

MshipiMwepesi

Kichwa, ngumu. Popote panapojikunja, mfano mwili mrefu wa utepe au mkia, ya kunyumbulika. Ngumu ukiiweka mahali panapojikunja itapasuka, hiyo haina mjadala. Ya kunyumbulika nyingi zinanata zaidi, kwa hiyo zitafutie tabaka la juu.

Tausi

Habari zenu. Mmejaza mengi mazuri ila hakuna aliyegusa ngozi, naomba nilizungumzie kwa sababu mimi yamenikuta. Rezini mbichi ni akrileti, na akrileti ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha mzio wa ngozi. Haianzi siku ya kwanza. Unaigusa muda mrefu bila chochote, siku moja vidole vinawasha, vinavimba, ngozi inapasuka pembeni mwa kucha. Daktari wa ngozi alinipima kwa viraka mgongoni, kikajibu kiraka cha akrileti. Mwili ukishakataa umekataa, haurudi nyuma. Na ubaya wake haubaki mezani pa nzi: akrileti ziko kwenye kucha za jeli, kwenye vijazo vya meno, hata kwenye saruji ya mifupa wanayotumia wapasuaji. Ni jambo la kumwambia daktari wa meno kabla hajaanza.

Kwa hiyo hiyo tabia ya kusawazisha tone kwa ncha ya kidole, tafadhali. Vaeni glavu za naitrili, na zikiguswa na rezini zibadilisheni, kwa sababu inapenya baada ya muda. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji. Usijifute kwa spiriti, inaiyeyusha na kuisambaza. Ukisugua rezini iliyoiva kwa msasa, vaa barakoa.

Na macho. 365 huioni vizuri, kwa hiyo jicho halijifumbi kujikinga. Shanga inayong'aa inaurudisha mwanga usoni mwako. Miwani ya usalama ya polikaboneti, hata ile isiyo na rangi, inazuia sehemu kubwa.

Kokoto

Dada Tausi asante, hili lilistahili kuwa bandiko la kwanza kabisa. Naongezea: vitambaa na vijiti vyenye rezini mbichi vianikeni juani viive kwanza ndipo vitupwe. Kumimina kwenye sinki hapana, rezini mbichi ni sumu kwa viumbe vya majini, na sisi ndio wa mwisho kutakiwa kufanya hivyo.

Mgeni wa Mto

Samahani kwa swali la kizembe. Nina taa ya kucha na jeli ya juu ya kucha ile isiyohitaji kufutwa. Naweza kutumia hivyo badala ya kununua vingine? Inasemekana ni salama zaidi kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mwili.

Tausi

Inaiva, ndiyo. Ni jamii moja ya kemikali, na taa nyingi za kucha zina mchanganyiko wa 365 na 405. Jeli isiyohitaji kufutwa inatoa kichwa kikavu na kinachong'aa, kwa nzi wadogo inatosha. Ila ni nyembamba, kujenga umbo nayo ni kazi, na taa ya kisanduku haikuruhusu kumshika nzi kwenye jiliwa.

Hilo la usalama lifute kichwani. Jeli nyingi za kucha zina HEMA, ambayo ni kati ya akrileti zinazoongoza kwa mzio. Na TPO, kemikali ya kuanzisha iliyokuwa kwenye jeli nyingi, Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa sababu ya hofu ya madhara kwenye uzazi. Ukiitumia, itumie kwa glavu zilezile.

Mzee wa Vanishi

Mnaona sasa. Vanishi nayo ina harufu yake, lakini dirisha wazi linatosha.

MshipiMwepesi

Mzee, dirisha kwetu ni adui! Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya UV inayoivisha. Ukifunga nzi dirishani mchana, tone linaanza kushika kwenye ncha ya sindano ya chupa kabla hujalifikisha. Kaa mbali na jua, funika chupa kila ukimaliza tone, futa ncha kwa kitambaa kabla ya kurudisha kifuniko. Chupa na tochi visilale droo moja, tochi ikijiwasha humo ndiyo kwaheri. Kama sindano imeziba, sukuma waya mwembamba ukiwa mbali na mwanga, au itupe ununue sindano nyingine, chupa bado nzima.

NdoanaNamba16

Nimerudi na matokeo. Supaglu chini, rezini nzito juu, nikazungusha wakati namulika. Nimebana kwa ukucha, hakuna kinachotoka. Shida mpya: uzi mweusi umepata ukungu mweupe kuzunguka kichwa.

MshipiMwepesi

Huo ni mvuke wa supaglu, unatua pembeni na kuganda mweupe. Umeweka nyingi, au umefunika kabla haijamaliza kukauka. Chukua supaglu kwa ncha ya sindano badala ya kuidondosha kutoka kwenye chupa, na mpe nzi hewa kabla ya rezini. Ukungu mwepesi ulioko kwenye uzi unapotea ukipitisha rezini nyembamba juu yake. Ulioko kwenye manyoya ya shingoni hautoki, nzi hao watumie tu, samaki hawatajali.